Maswali na Majibu: Mtihani wa Kiholanzi, Kuanzia Ubalozini hadi B1

Barua za safari hii zinahusu mtihani wa Kiholanzi. Wengine wanaandika kutoka nyumbani, wakingoja kuwafuata waume au wake zao. Wengine wako Uholanzi na Ubelgiji tayari, tarehe ya mwisho inawakaribia. Tumeyafupisha maswali yaliyokuwa marefu.

Mume wangu ni raia wa Uholanzi na anaishi Rotterdam. Ameambiwa nifanye kwanza mtihani wa Kiholanzi hapa hapa, kabla ya kuomba viza. Jirani yetu alimfuata mumewe hukohuko bila mtihani wowote. Kwa nini mimi? Na mtihani wenyewe ukoje? (Msomaji, Nakuru)

Dada, huenda mume wa jirani yako yuko kule kwa kibali cha kazi ya utaalamu au cha masomo, au alipata hifadhi kama mkimbizi na akaomba familia yake imfuate mapema. Familia za watu hao hazidaiwi mtihani huu. Wewe unamfuata raia, kwa hiyo unadaiwa, mradi umetimiza miaka 18 na hujafikia umri wa kustaafu kwa sheria za Uholanzi.

Mtihani wako unaitwa Basisexamen inburgering. Umewekwa na sheria iliyoanza kutumika Machi 2006, na unafanyika kwa kompyuta katika ubalozi wa Uholanzi. Ngazi yake ni A1, yaani Kiholanzi cha kuanzia kabisa. Una sehemu tatu, na kila moja ina ada yake: kuijua jamii ya Kiholanzi yuro 40, kusoma yuro 50, kuzungumza yuro 60. Jumla yuro 150. Ukifaulu mbili na kuanguka moja, unarudia na kulipia ile moja tu, wala zile mbili hazipotei.

Unajiandikisha kwenye mtandao na kulipa kwanza, kisha ndipo unapanga siku na ubalozi. Watu huchelewa hapa bila sababu ya maana. Wanatuma pesa kwa benki, benki zinakata makato njiani, zinafika pungufu kwa yuro chache, na ombi linabaki limesimama. Ukilipa kwa benki, agiza makato yote yabebwe na mtumaji. Jina andika kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kama pasipoti inasema Mwanaisha, usijiandikishe Aisha.

Sehemu ya jamii ndiyo nyepesi kwa anayejiandaa. Kuna picha 100 rasmi zenye maswali, na siku ya mtihani unaulizwa 30 kati ya hizo. Zinaambatana na filamu ya Naar Nederland. Kosa la wengi ni kukariri jibu kwa kuitazama picha huku maelezo wakiyasoma kwa lugha wanayoielewa. Siku ya mtihani swali linakuja kwa Kiholanzi, kwa sauti. Fanya mazoezi kwa sauti tangu siku ya kwanza, na uzichanganye picha zisije kwa mpangilio wa kitabu.

Kusoma ni matangazo mafupi, barua za mistari michache, ujumbe wa simu. Usikawie kwenye neno usilolijua. Tafuta jina, siku, saa na mahali, maana maswali mengi yako hapo. Kwa mtu aliyemaliza sekondari, miezi mitatu hadi minne ya kusoma kila siku ni makadirio ya busara. Matokeo huja ndani ya wiki nane, kwa hiyo usikate tiketi wala usiache kazi kwa kuhesabu siku ya mtihani.

Sehemu ya kuzungumza ndiyo inanitisha. Nikiwa na mwalimu naongea vizuri, nikiwa na kompyuta nakwama. (Msomaji, Tanga)

Hakuna mtu mbele yako. Unavaa vipokea sauti, unasikia swali, unajibu kwenye kipaza sauti na jibu linarekodiwa. Hakuna anayekutikisia kichwa wala kukwambia "enhe, endelea". Mazoezi ya mwalimu pekee hayatoshi. Rekodi maswali kwenye simu yako, acha nafasi ya kujibu baada ya kila moja, uisikilize rekodi hiyo na kujibu kila siku bila kuisimamisha.

Kuna maswali ya kujibu na kuna sentensi za kumalizia. Ukiulizwa *Wat drinkt u 's morgens?*, yaani asubuhi unakunywa nini, jibu *Ik drink thee*. Sentensi moja iliyokamilika inatosha. *Ja* au *nee* pekee ni jibu la kupoteza alama, na hadithi ndefu ya chai ya maziwa na tangawizi inakufungulia milango ya makosa ambayo hukuulizwa. Kwenye kumalizia sentensi, msome vizuri anayezungumziwa. Kiswahili kina "yeye" mmoja, Kiholanzi kina *hij* kwa mwanamume na *zij* kwa mwanamke, na sisi hapa tunateleza sana. Picha ni ya mama, jibu linatoka na *hij*. Zoezi lake ni rahisi: tazama picha za watu gazetini na useme kwa sauti *hij werkt, zij werkt, zijn jas, haar jas* hadi ulimi uzoee.

Kiunganishi cha kujilinda nacho ni *want*, yaani "kwa sababu". *Ik ga naar de dokter, want ik ben ziek.* Baada ya *want* maneno yanabaki kwenye mpangilio wa kawaida. Ukitumia *omdat*, yenye maana hiyo hiyo, kitenzi kinaruka hadi mwisho, *omdat ik ziek ben*, na kwa A1 hakuna anayekudai hilo.

Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Wageningen, masomo ni kwa Kiingereza. Nahitaji cheti cha Kiholanzi? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Chuo kitataka uthibitisho wa Kiingereza. Kiholanzi kitakufaa dukani na kwenye kazi ya muda, lakini kibali cha mwanafunzi hakikitegemei.

Niko Utrecht, natoka Burundi, nilipata hifadhi. Manispaa inasema B1, wenzangu waliotangulia walifanya A2. Nani anasema kweli? (Msomaji, Utrecht)

Wote. A2 ni ngazi inayofuata A1, na B1 iko juu ya A2. Wenzako wako chini ya sheria ya 2013, ambayo ilitaka A2. Wewe uko chini ya sheria iliyoanza 1 Januari 2022, na hiyo inalenga B1. Ndiyo maana ushauri wa mtu aliyemaliza 2019, hata akiwa mjomba wako, unaweza kukupotosha.

Manispaa ilikufanyia mahojiano marefu na jaribio la kupima uwezo wa kujifunza, kisha ikakupa mpango wa maandishi unaoitwa PIP. Humo mmeandikwa njia yako. Zipo tatu: njia ya B1, njia ya elimu kwa vijana wanaoelekea chuoni, na njia ya kujitegemea, ambayo kwao huitwa Z-route, kwa wasioweza kufika mbali kwenye lugha. Hiyo ya tatu ina saa 800 za darasa na saa 800 za shughuli za kijamii au kazi. Muda ni miaka mitatu, na unahesabiwa kuanzia PIP inapotolewa. Kwa aliyepata hifadhi kama wewe, manispaa hulipia kozi. Aliyekuja kumfuata mwenza hujilipia, na anaweza kukopa hadi yuro 10,000 kutoka DUO, idara ya serikali inayoshughulikia mikopo na mitihani hii.

B1 inapimwa kwa Staatsexamen Nt2, mtihani wa taifa wa Kiholanzi kama lugha ya pili, Programma I. Sehemu zake ni nne: kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza. Kila moja unaweza kuifanya kwa siku yake, na unafaulu ukipata alama 500 au zaidi. Usijiandikishe zote nne kwa wiki moja kwa hamu ya kumaliza. Anza na kusoma na kusikiliza, ambazo kwa kawaida hutangulia kuiva, huku ukiendelea kuusugua uandishi. Nje ya hizo nne bado una mtihani wa KNM wa kuijua jamii, sehemu ya soko la ajira iitwayo MAP, na tamko la ushiriki. Wapo wanaofaulu lugha yote halafu wakapokea barua ya faini kwa sababu MAP iliachwa kwenye kabati.

Kama umehudhuria angalau saa 600 za darasa na B1 bado haifikiki, manispaa inaweza kukuruhusu ufanye sehemu fulani kwa A2. Hawakuletei wenyewe, iombe, ukiwa na karatasi ya mahudhurio kutoka shuleni. Kwa hiyo saini mahudhurio kila siku, hata siku unayofika umechelewa.

Uraia ni hesabu nyingine. Hadi tunapoandika, A2 inatosha kwa ombi la uraia. Aliye na diploma kamili ya Staatsexamen, Programma I au II, haulizwi tena.

Nimeanguka kuandika A2. Maneno nayajua. Tatizo nini? (Msomaji, Den Haag)

Mtihani huo ni dakika 40 na kazi nne, yaani dakika kumi kila moja, pamoja na kusoma swali. Anayetumia dakika ishirini kuipamba barua ya kwanza hufika ya nne akiwa na pumzi ya mstari mmoja.

Kila kazi ina mambo uliyoagizwa kuyaandika, kwa mfano: sema huwezi kuja darasani, eleza kwa nini, uliza kuhusu jaribio. Mtahini anatafuta mambo hayo matatu. Ukiandika mawili kwa Kiholanzi kizuri mno, la tatu bado halipo. Weka alama ndogo pembeni ya kila agizo ukishalitimiza. Barua nzima inaweza kuwa hivi:

*Beste mevrouw De Vries,*
*Morgen kan ik niet naar de les komen, want ik heb een afspraak bij de tandarts. Kan ik de toets volgende week maken?*
*Met vriendelijke groet,*
na jina lako.

Itazame sentensi ya kwanza. Sisi tungeandika *Morgen ik kan niet*, kwa kuwa kwa Kiswahili tunasema "kesho siwezi" na wakati hauhamishi kitu chochote. Kwa Kiholanzi kitenzi kinashikilia nafasi ya pili. Ukitanguliza *morgen*, mtenda anarudi nyuma ya kitenzi: *Morgen kan ik*. Kisha kitenzi cha pili, *komen*, kinakwenda mwisho. Makosa haya mawili, pamoja na kusahau *-t* ya *hij werkt*, ndiyo yanayojirudia zaidi kwenye karatasi za Waswahili. Kuhusu *de* na *het* usikose usingizi. Kosa la hapo linaonekana lakini halimzuii msomaji kukuelewa. Sisi wenye ngeli tele tunajua kwamba jambo hili hushikwa na sikio: jifunze *het huis*, *de deur*, nomino na kitambulishi chake pamoja, kama vile ulivyojua "kiti hiki" kabla hujasikia habari za ngeli.

Kwa B1 kazi zinakuwa ndefu zaidi na utaandika kwa kompyuta. Hapo *omdat*, *als* ("ikiwa") na *dat* ("kwamba") zinatakiwa, na kitenzi mwisho. Kamusi ya karatasi inaruhusiwa kwenye kusoma na kuandika kwa Staatsexamen, si kwenye kusikiliza wala kuzungumza. Isiwe na maandishi yako pembeni. Na usiitegemee: kila neno unalolitafuta linakula dakika nzima.

Kwenye kusikiliza naelewa mazungumzo, lakini saa na namba zinanishinda. (Msomaji, Eindhoven)

Ni kawaida kabisa kwa anayewaza kwa Kiswahili, kwa sababu unageuza mara mbili. *Half drie* ina neno *drie*, tatu, lakini maana yake ni nusu ya kuelekea saa hiyo ya tatu ya kizungu, yaani 2:30. Kwetu ni saa nane na nusu. Anayekimbilia "saa tisa na nusu" amekosea kwa saa nzima, na jibu hilo la kosa litakuwepo kati ya yale ya kuchagua, maana watunzi wanajua. *Vijf voor half drie* ni 2:25, *tien over half drie* ni 2:40. Dawa ni kuacha kutafsiri. Weka simu yako kwenye saa za Kiholanzi, na kila unapoitazama itaje kwa sauti kwa Kiholanzi, bila kupitia saa nane wala saa tisa.

Namba zinatanguliza mamoja: *vijfenveertig* ni tano-na-arobaini, 45. Mtu akisoma namba ya simu kwa jozi, *vierentwintig*, mkono unaandika 4 halafu 2. Jizoeze kuacha nafasi: andika 4 upande wa kulia, kisha 2 kushoto kwake. Inaonekana kituko lakini baada ya wiki mbili mkono unazoea. Kwa masikio, sikiliza NOS Jeugdjournaal, habari za watoto. Lugha ni safi na matukio ni ya kweli. Mitihani ya majaribio ya DUO ni ya bure na ndiyo iliyo karibu zaidi na mtihani wenyewe. Ifanye kwa muda kamili, dakika 45 za kusikiliza, dakika 65 za kusoma kwa A2, bila kunyanyuka kunywa maji.

Matamshi yangu yananiaibisha. Ile "g" yao nifanyeje? (Msomaji, Zanzibar)

Wewe ndiye usiyepaswa kulalamika. Anayetamka vizuri "kheri" na "ghali" ana sauti hiyo mdomoni tayari. *Goed* ianzishe na "kh" yako. Bara ndiko wanakohangaika, wakisema *hud* au *kud*.

Kazi iko kwenye irabu. Kiholanzi kinatofautisha fupi na ndefu, na maana inabadilika: *man* ni mwanamume, *maan* ni mwezi wa angani; *bom* ni bomu, *boom* ni mti. Halafu kuna *uu*. *Huur* ni kodi ya nyumba. Ukiitamka kwa "u" ya Kiswahili inakuwa neno la kahaba, na kumwambia mwenye nyumba kwamba umekuja kulipia hilo si jambo la kuchekesha kwa kila mtu. Sema "i" ya Kiswahili, kisha bila kusogeza ulimi viringa midomo kama anayepiga mluzi. Sauti inayotoka ndiyo hiyo.

Jingine ni kuongeza irabu mwishoni: *ik werk* inatoka *iki weriki*. Funga mdomo konsonanti inapoisha. Katikati ya neno usihangaike sana. Waholanzi wenyewe husema *mellek* kwa *melk*.

Nataka kufanya kazi ya uuguzi Uholanzi. Cheti cha B1 kinatosha? (Msomaji, Eldoret)

Hakitoshi. Muuguzi lazima aingie kwenye BIG, rejista ya wahudumu wa afya, na mwenye diploma ya nje ya Ulaya hupimwa kwa mtihani wa AKV, ambao una Kiholanzi ndani yake. Jiandae kwa B2, yaani Programma II, hata kabla ya kutuma vyeti vyako. Wakala anayekuahidi wodi baada ya miezi sita ya kozi muulize hilo la BIG kwanza, kisha msikilize anavyojibu.

Mimi ni Mkongo wa Bukavu, niko Antwerpen, nataka kuingia chuo kikuu. Nifanye mtihani wa Uholanzi? (Msomaji, Antwerpen)

Si lazima uvuke mpaka. Vyuo vya Flanders, sehemu ya Ubelgiji inayosema Kiholanzi, vina mtihani wao, ITNA. Kwanza unafanya sehemu ya kompyuta: msamiati, sarufi, kusoma, kusikiliza. Ukiipita hiyo ndipo unaitwa kwenye mahojiano ya ana kwa ana, ambapo unatoa maelezo marefu na kutetea hoja. Chuo nacho kina orodha ya vyeti kinavyokubali, na kwa kawaida Staatsexamen Programma II imo. Upo pia mtihani wa CNaVT, unaotolewa kwa niaba ya Taalunie, taasisi ya lugha ya Uholanzi na Flanders kwa pamoja. Huo hufanyika mara moja kwa mwaka, majira ya kuchipua, hata nje ya Ulaya, kwa hiyo ukikosa tarehe unangoja mwaka. Kwa mwenye haraka ITNA inafaa zaidi. Kifaransa chako kitakusaidia kwenye msamiati wa kitaaluma, lakini mpangilio wa sentensi kitakuharibia.

Siku ya mtihani nibebe nini? (Msomaji, Zwolle)

Barua ya mwaliko na kitambulisho halisi ambacho muda wake haujaisha. Nakala haikubaliki, hata ikiwa na mhuri. Ukichelewa hauruhusiwi kuingia na ada imekwenda, kwa hiyo usipange kufika kwa treni ya mwisho inayokuwahisha. Panda ile iliyotangulia. Simu na saa ya mkononi vinabaki nje.

Kwenye kuzungumza, chumba kizima kinaongea kwa pamoja, kila mmoja na kompyuta yake, na aliye jirani yako anaweza kuwa na sauti ya mwadhini. Fanya mazoezi nyumbani redio ikiwa imefunguliwa. Kwa Programma I majibu mengi ni ya sekunde 20 hadi 30: anza kusema mlio unapotoka, usisubiri sentensi iive kichwani. Ukikosea katikati, jirekebishe mara moja tu na uendelee. Kabla ya hayo yote, jaribu kipaza sauti unapoambiwa ujaribu. Kama hujisikii kwenye vipokea sauti, inua mkono papo hapo, kabla swali la kwanza halijaanza.